Kiingereza Kilichoandikwa Kwenye Gunia

Mtoto wa mvuvi wa Kabonga, kijiji cha Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, anaweza kumaliza wiki nzima bila kusikia mtu akizungumza Kiingereza nje ya darasa. Nyumbani ni Kirundi. Mwaloni, mitumbwi inapoingia na mukeke na ndagala, bei hupatanwa kwa Kiswahili, maana mnunuzi huenda ametoka Kigoma ya Tanzania, au Baraka na Uvira za upande wa Kongo. Karatasi za ofisini ni za Kifaransa. Kiingereza nacho kipo, ila hakina sauti: kimechapwa kwenye gunia la mbolea, kwenye pakiti ya vidonge, kwenye kijitabu cha maelekezo ya injini ya boti na kwenye kioo cha simu.

Jambo hili lilipaswa kuamua namna lugha hiyo inavyofundishwa katika mwambao wote wa Rumonge na Nyanza-Lac. Halijaamua.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na baada ya hapo shule za msingi zikaanza kufundisha Kiingereza na Kiswahili tangu mwaka wa kwanza, pamoja na Kirundi na Kifaransa vilivyokuwapo. Mwaka 2014 sheria ikakifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya tatu. Hesabu yake ni nzito. Mtoto wa shule ana lugha nne kwenye ratiba. Miaka minne ya mwanzo anasomea kwa Kirundi, kisha kuanzia mwaka wa tano masomo yanageukia Kifaransa. Kiingereza kinabaki kipindi kimoja kati ya vingi, na kipindi kikiwa kifupi mwalimu hushika njia iliyo karibu, nayo ni orodha ya maneno ubaoni. Kushoto neno la Kiingereza, kulia maana yake kwa Kifaransa au Kirundi, na mwanafunzi ananakili, anakariri, anajibu mtihani.

Orodha haiwezi kulaumiwa kwa kila kitu. Kwa majina ya vitu vinavyoonekana inafanya kazi vizuri: samaki ni samaki, kasia ni kasia, na hakuna haja ya maelezo marefu. Tabu huanza kwenye maneno yanayobeba kazi kubwa ya lugha. Mwanafunzi akiandika kwamba “hear” ni kusikia, hajakosea. Lakini Kiswahili husikia pia njaa, baridi na maumivu, na Kirundi kwa kitenzi kile kile cha “kwumva” husikia, huhisi na huelewa. Basi mtoto mwerevu, aliyekariri sawasawa, ataandika “I hear hunger” na kushangaa akikuta alama nyekundu. Orodha ilimwambia maneno mawili yanalingana. Haikumwambia yanaachana wapi. Ndivyo ilivyo pia kwa kuazima, ambako Kiswahili hutosheka na kitenzi kimoja kwa anayetoa na anayepokea, ilhali Kiingereza kina “lend” na “borrow”, na kuvichanganya ni kumgeuza mdai kuwa mdaiwa.

Wapo wanaodhani dawa ni kuwapa watoto kamusi wasome fasili, yaani maelezo ya maana ya neno, badala ya neno moja la kulinganisha. Hiyo nayo ni nusu ya dawa. Mwaka 1987 wanasaikolojia wawili wa Marekani, George Miller na Patricia Gildea, walichapisha makala kuhusu namna watoto wanavyojifunza maneno. Walieleza kilichotokea watoto wa shule walipopewa fasili za kamusi na kuambiwa watunge sentensi. Mmoja alikuta kwamba “erode” imefasiliwa kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya kula na kumaliza, kama maji yanavyokula ukingo wa mto. Lakini maneno hayo hayo, katika mazungumzo ya kila siku ya Wamarekani, humaanisha pia kwenda kula mgahawani. Mtoto akatumia “erode” kuandika kwamba familia yake hula mgahawani mara nyingi. Huyo ni mtoto aliyezaliwa katika lugha hiyo. Wa Kabonga, anayeisoma ikiwa lugha ya nne, atanusurika vipi kwa fasili peke yake?

Fasili inahitaji sentensi kando yake, na waliolitambua hilo mapema hawakuwa London. Michael West alikuwa mwalimu na ofisa wa elimu Bengal, India, wakati wa ukoloni. Katika kitabu chake cha 1926 alitetea hoja iliyowakera wengi: kwamba mtoto wa Kibengali atakutana na Kiingereza kwenye maandishi zaidi kuliko kwenye mazungumzo, kwa hiyo afundishwe kwanza kusoma. Mwaka 1935, akishirikiana na James Endicott, alitoa kamusi iliyofasili maelfu ya maneno kwa kutumia maneno mepesi 1,490 tu, ili mwanafunzi asikimbizwe kutoka neno gumu hadi gumu zaidi. A. S. Hornby naye alikuwa akifundisha Japani tangu 1924. Kamusi aliyoiongoza huko ilitolewa Tokyo mwaka 1942, na Oxford wakaichapisha upya mwaka 1948. Ndiyo mama wa kamusi kubwa ya wanafunzi ambayo Oxford wanaiuza hadi leo. Nguvu yake ilikuwa kuonyesha neno likiwa kazini: kitenzi kinafuatwa na nini, nomino inahesabika au haihesabiki, sentensi inakaaje. Mwaka 1987 John Sinclair na wenzake wa Chuo Kikuu cha Birmingham wakasogea mbele zaidi katika kamusi ya COBUILD. Fasili zenyewe waliziandika kama sentensi kamili, na mifano wakaichota katika maandishi na mazungumzo halisi yaliyokusanywa kwenye kompyuta.

Kamusi ya mwanafunzi, basi, ilizaliwa katika madarasa ya Asia, mbele ya watoto ambao Kiingereza kwao kilikuwa cha kwenye karatasi. Hali ya Kabonga inafanana na ya Bengal ya West kuliko inavyofanana na ya Nairobi au Kampala.

Tofauti ni kwamba sentensi za mfano za kamusi kubwa zimetoka mbali. Mwanafunzi anakuta theluji, treni za chini ya ardhi na barua za benki. Hakuna ubaya wa kuujua ulimwengu, lakini sentensi ya mfano humsaidia msomaji pale anapoujua ukweli wake kabla hajalijua neno. Chukua “catch”. Orodha husema ni kukamata, na hapo imekwisha. Sasa tunga ingizo la ziwani: ni nomino, maana yake samaki waliopatikana katika safari moja ya uvuvi, na mfano wake ni huu: “The catch was small because the moon was bright.” Kila mtoto wa mwaloni anajua kwamba wavuvi wa ndagala huwavuta samaki kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazina nguvu na mavuno hupungua. Anaijua sababu, anayajua matokeo, kilichobaki ni neno moja tu la kuliweka mahali pake.

Chukua na “ban”, kitenzi cha kukataza jambo kwa amri ya serikali. Nchi nne za Ziwa Tanganyika, yaani Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia, zimekubaliana kulipumzisha ziwa kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane, na mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Sentensi inayosema kwamba uvuvi umekatazwa kati ya tarehe hizo haihitaji picha wala maigizo darasani. Mtoto anayejua bei ya mboga inavyopanda nyavu zinapoanikwa hatalisahau neno hilo kirahisi.

Kisha lipo gunia. Kwenye mfuko wa saruji, sukari au mbolea pameandikwa “net weight” na tarakimu za kilo. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba “net” ni wavu atasoma kwamba hapo pana uzito wa wavu, na katika kijiji cha wavuvi kosa hilo lina mantiki yake yote. Fasili inamwambia kwamba hapa neno linamaanisha kilichobaki baada ya kutoa kisichohesabiwa, yaani uzito wa bidhaa bila mfuko wake. Gunia lenyewe ndilo sentensi ya mfano, tena bure. Pakiti za dawa zitokazo viwanda vya India na Kenya zimejaa nyingine: “Shake well before use”, “Keep out of reach of children”, “Do not exceed the stated dose”. Hizi ni sentensi fupi, za kuamrisha, zenye vitenzi vinavyorudi kila mara, na kuzielewa kunaweza kumwokoa mtu. Shule inayolalamika kwamba haina vitabu ina haki ya kulalamika, lakini imezungukwa na maandishi ambayo hakuna anayewaomba watoto wayalete darasani.

Kifaransa nacho kinahitaji kutajwa hapa, kwa sababu kinasaidia na kinaponza. Kinasaidia kwa sababu mwanafunzi wa Burundi anayekijua atayatambua maneno mengi ya Kiingereza cha vitabuni kwa sura tu. “Net” ya uzito ni mojawapo, na hapo yeye amemtangulia mwenzake wa Kigoma. Kinaponza pale sura inapofanana na maana ikapishana. Kijana anayeomba kazi Kampala na kuandika “I demand” akifikiri anaomba kwa adabu, kama afanyavyo kwa “demander”, atasomeka kama mtu anayeamrisha. Anayedhani “library” ni duka la vitabu, au kwamba “assist” ni kuhudhuria mkutano, amefuata Kifaransa mpaka kikamwacha njiani. Orodha ya maneno haina pa kuandika onyo kama hilo. Fasili ya mistari miwili na sentensi moja vina nafasi hiyo.

Hoja ya kwanza dhidi ya haya ni ya wapenzi wa Kiswahili, nayo si ya kubezwa: kwa nini kuhangaika na Kiingereza wakati mwambao mzima unaelewana kwa Kiswahili, na tangu Februari 2021 wakuu wa Jumuiya wamekubali Kiswahili na Kifaransa viwe lugha zake rasmi pamoja na Kiingereza? Jibu ni kwamba hakuna anayedai Kiswahili kipishe. Kinyume chake, Kiswahili ndicho kinachofaa kuandikia fasili zenyewe. Mtoto wa Kabonga anakisikia kila siku. Maelezo ya “ban” au “net” kwa Kiswahili chepesi yatamfikia haraka kuliko kwa Kiingereza cha Oxford. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996 inaonyesha kwamba njia hiyo ina msingi, ingawa haikuandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa Burundi mwenye Kifaransa kichwani.

Hoja ya pili ni ya walimu. Madarasa yamejaa, na kusahihisha sentensi ya kila mtoto ni kazi isiyokwisha. Ni kweli, ndiyo maana idadi ya maneno lazima ishuke. Maneno matano kwa wiki, kila moja na fasili iliyokubaliwa na darasa, sentensi ya mwalimu na sentensi tatu au nne za wanafunzi zilizosomwa kwa sauti na kusahihishwa ubaoni, yanamwachia mtoto mali kuliko maneno 30 yaliyonakiliwa. Ya wiki iliyopita yarudiwe wiki hii, na ya mwezi uliopita yarudiwe mwezi huu. Tangu Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885, inajulikana kwamba kilichosomwa mara moja hupotea upesi.

Hoja ya tatu ni ngumu zaidi: mwalimu mwenyewe huenda hana uhakika na Kiingereza chake. Sentensi mbovu iliyoandikwa ubaoni na mtu mzima hudumu kuliko kosa la mtoto. Hapa ndipo mwambao una utajiri usiotumika. Rumonge na Nyanza-Lac zilipokea familia nyingi za Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, zilizorejea kutoka Tanzania, hasa kuanzia 2008. Watoto wao walisoma kwa Kiswahili na kufundishwa Kiingereza katika makazi ya wakimbizi ya huko kama Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na waliporudi wakajikuta nyuma kwa sababu ya Kifaransa. Wengi wao leo ni watu wazima. Kilichohesabiwa upungufu wao ndicho kinachotafutwa sasa, na kuwaalika kusaidia kukagua sentensi si jambo la bajeti kubwa.

Kazi ya kukusanya na kuhakiki haiwezi kuachiwa shule moja moja. Wizara ya elimu inaweza kuanza na kijitabu cha maneno 500 kwa shule za mwambao: fasili kwa Kiswahili, tahadhari ya Kifaransa pale inapohitajika, na sentensi mbili za Kiingereza kwa kila neno, moja ya ziwani na moja ya mbali. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, inaweza kuombwa ipitie fasili hizo, kwa kuwa kijitabu hicho kitawafaa vilevile watoto wa Baraka na Uvira, walio na Kiswahili na Kifaransa na wanaosoma magunia yale yale. Walimu wasingoje kichapwe. Magunia, mifuko na pakiti tupu vipo tayari, na kuviorodhesha pamoja na maneno yaliyomo kunaweza kuanza muhula ujao.