Malimbuko ya Mtama na Kazi ya Kuhani



Ndugu zangu wapendwa, kila msimu wa mavuno ya uwele na mtama unapofika hapa Ugogo, wazee hunirudia na swali lile lile: "Baba, mtemi alipobariki mbegu mlisema ni upagani. Mbona nanyi mnazibariki?" Swali hilo ni halali, wala halistahili kujibiwa kwa hasira.

Kabla ya utemi kufutwa kisheria mwaka 1963, mtemi wa Wagogo hakuwa mtawala tu. Alitunza mawe ya mvua, na rutuba ya nchi ilikuwa dhamana yake. Warumi wa kale nao walikuwa na makuhani wa mazao. Makuhani 12 walioitwa Ndugu wa Arvales walimtolea sadaka mungu wa kike Dea Dia mwezi Mei. Na tarehe 25 Aprili kuhani mwingine alichinja mbwa na kondoo ili ngano isipatwe na ugonjwa wa kutu. Baadaye Kanisa la Roma liliadhimisha tarehe hiyo hiyo Litania Kuu, maandamano ya kuombea mashamba. Mbwa aliondoka, kilio cha mkulima kikabaki.

Basi tofauti iko wapi? Kuhani wa Kristo hana mvua mkononi. Haiamuru wala haiuzi. Anaiomba pamoja na watu wake. Kwa hiyo nasikitika Mkristo anapotoa nia ya Misa kama anayenunua mvua, na nasikitika zaidi anapomnyooshea kidole bibi kizee jirani yake kwamba ameifunga.

Njaa mara nyingi ina mkono wa mtu. Katika Mtunya, njaa kuu ya miaka ya 1917 hadi 1920, ukame haukuwa peke yake: majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalikuwa yamechukua nafaka na ng'ombe wa Wagogo.

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 26, chaweka malimbuko mikononi mwa kuhani, na papo hapo chamtaja mgeni, yatima na mjane. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ibada ya mavuno hupimwa. Debe la mtama lililofika altareni lisiingie ghala ya paroko kabla halijapita nyumbani kwa mjane. Nami paroko wenu niwe wa kwanza kuulizwa.

Mungu awabariki.