Akiuawa Tajiri Moshi, Kila Mtu Anakuwa Mpelelezi. Ila Mpelelezi Mwenyewe Hana Haraka Hivyo

Yule mzee wa kwenye filamu kila mtu anamjua. Kastaafu upelelezi, anaishi kimya, hana ndinga wala mbwembwe. Ghafla kwenye jumba la familia yenye pesa mtu anakutwa amekufa. Polisi wanazunguka wee, hawaoni kitu. Mzee anaitwa, anauliza vimaswali viwili vitatu vinavyoonekana vya kijinga, anakunywa chai, anaondoka. Mwisho anawakusanya wanandugu wote sebuleni na kumnyooshea kidole mtu ambaye hakuna aliyemwaza. Kwenye kochi watu wanashangilia kama Simba kafunga.

Stori hiyo ukiihamishia Moshi inakaa bila kubadilisha kitu. Mijengo ya Shanty Town yenye mageti marefu ipo. Familia zenye jina tangu enzi za kahawa zipo. Watoto wa mjini wanaopanda Desemba na magari yenye vumbi la Dar kwenda kula Krismasi kwenye kihamba cha babu huko Machame, Kibosho, Marangu na Rombo, wapo tele. Hata mzee mwenyewe yupo, maana Moshi ndiko iliko shule ya polisi, CCP, ambako askari wa nchi hii wamepigishwa kwata kizazi baada ya kizazi. Aliyewahi kuwa na jalada la mauaji mkononi, leo anaweza kuwa ndiye huyo anayepalilia migomba jirani na kwenu.

Kwa hiyo watu wakisikia kifo chenye utata kwenye familia ya kitajiri, kichwani inaanza filamu. Shida ni kwamba filamu ikianza, hakuna anayeigiza kama yule mzee. Wote wanaruka moja kwa moja hadi eneo la sebuleni, la kunyoosha kidole.

Mchana wa Agosti 7, 2013

Kama kuna kifo kilichoutikisa ukanda huu wote kuanzia Moshi hadi Arusha na Mererani, ni cha Erasto Msuya, mfanyabiashara wa tanzanite ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la Bilionea Msuya. Alimiminiwa risasi mchana kweupe eneo la Mjohoroni, wilaya ya Hai, kando ya barabara ya Arusha–Moshi, si mbali na Uwanja wa Ndege wa KIA. Jua linawaka, magari yanapita.

Kwa mtu mwenye pesa vile, na biashara ya mawe inavyojulikana kwa uhasama wake, kila kijiwe kilikuwa na muuaji wake tayari. Kuna waliosema biashara, kuna waliosema mapenzi, kuna waliosema ndugu. Kila mmoja alikuwa na "chanzo cha ndani kabisa".

Mahakama Kuu mjini Moshi ilitoa hukumu Julai 23, 2018. Jaji Salma Maghimbi aliwahukumu watu watano kunyongwa hadi kufa. Si wote waliokuwa kizimbani waliotiwa hatiani. Ona umbali huo: kijiweni jibu lilipatikana jioni ileile, mahakamani lilichukua karibu miaka 5. Na hata baada ya miaka hiyo yote, mahakama haikuwabeba wote kwa fungu moja. Ilimpima kila mtu kwa ushahidi wake.

Hapo katikati hapakuwa na mzee mmoja mwenye akili za ajabu aliyekusanya watu sebuleni. Kesi ya mauaji inajengwa na watu wengi wanaofanya kazi isiyo na mvuto wowote: aliyepima eneo la tukio, aliyefunga kielelezo kwenye bahasha na kusaini, daktari aliyechunguza mwili, shahidi aliyekuja kusema alichokiona na akaishia hapo.

Anachokijua mzee ambacho mtandao haukijui

Huyu mstaafu, kabla hajataja jina la mtu, anajiuliza: hiki ninachokijua kitasimama mbele ya jaji?

Mfano mdogo. Mtuhumiwa akikamatwa Tanzania, sheria inawapa polisi saa 4 za kawaida za kumhoji, na zaidi ya hapo lazima muda uongezwe kwa utaratibu. Maelezo ya onyo yaliyochukuliwa nje ya muda, mawakili wa utetezi wanayarukia fasta, na mahakama inaweza kuyatupa, hata kama ndani yake mtu amekiri kila kitu. Kuna pia mnyororo wa utunzaji wa vielelezo: simu au kisu kilichookotwa lazima ijulikane nani alikichukua, akampa nani, kikatunzwa wapi. Pakikatika hapo katikati, kielelezo kinapoteza nguvu. Muuaji anaweza kutembea, na kilichomwokoa ni haraka ya watu waliotaka afungwe.

Mzee anajua pia pa kuulizia. Kwenye familia kubwa, wenye jina huwa hawasemi. Wanalinda mirathi, wanalinda heshima ya ukoo, wengine wanalinda watoto tu. Wanaoona ni dada wa kazi anayejua nani alilala wapi, dereva aliyetumwa saa ambayo hatumwi, mlinzi wa getini, kijana wa ng'ombe, na yule mama anayepita kila asubuhi na mzigo wa majani kichwani. Hao ndio wanaojua, na hao ndio wanaoogopa zaidi, kwa sababu kazi yao, chumba chao na ada ya mtoto wao vyote viko mikononi mwa familia hiyohiyo.

Sasa fikiria dada wa kazi huyo anashika simu na kukuta nchi nzima imeshaamua muuaji ni fulani. Kama alichokiona yeye ni tofauti, atapata wapi ujasiri wa kusema? Na kama kinafanana, wakili atamuuliza kizimbani: hiki ulikiona kwa macho yako au ulikisoma kwenye simu? Hiyo ndiyo hasara ya umbea ambayo hakuna anayeipiga hesabu. Umbea unaharibu mashahidi.

Na ijulikane kwamba akishastaafu, mzee hana rungu. Hawezi kuchukua simu ya mtu kwa nguvu, wala kwenda kampuni ya simu kudai orodha ya mawasiliano. Anachoweza ni kuishauri familia isifue nguo za marehemu, isisafishe chumba, isifute ujumbe kwenye simu, na kila mwenye la kusema akaliandikishe polisi. Kazi isiyo na kiki hata kidogo.

Hata kwenye riwaya, haraka ilitaka kumwokoa muuaji

Anayedhani haya ni ya mahakamani tu, arudi kwenye hadithi zenyewe. Hercule Poirot wa Agatha Christie ndiye baba wa wapelelezi wastaafu wote wa kwenye skrini: Mbelgiji aliyeacha upolisi, akaingia kazini kwenye riwaya ya The Mysterious Affair at Styles ya mwaka 1920. Bibi tajiri analishwa sumu. Familia nzima inamtazama mume wake, ambaye ni mdogo kuliko yeye na anaonekana kafuata pesa. Kila mtu anataka akamatwe leo hii.

Poirot anakataa, na watu wanamshangaa. Mwishoni inajulikana kwamba mume kweli alihusika, na alikuwa anaomba akamatwe mapema. Alishajiandalia ushahidi wa kuonyesha hakuwepo. Mpango wake ulikuwa afikishwe mahakamani kesi ikiwa mbichi, aachiwe, na asiguswe tena kwa kosa lile. Ina maana watu walikuwa wamempata mtu sahihi, na bado kelele zao zilikuwa karibu kumpa uhuru wa maisha.

Huku kwetu, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alituletea Bwana Msa kwenye Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka 1960. Mtu anakutwa amekufa mahali pa mzimu, na wenyeji wana jibu tayari: mizimu imekasirika. Bwana Msa anakaa na kiko chake, anatafuta mkono wa binadamu. Zaidi ya miaka 60 imepita, na mzimu umehamia kwenye simu. Siku hizi unaitwa "inasemekana".

Upande ambao haupigiwi makofi

Mei 25, 2016, dada wa Bilionea Msuya, Aneth Msuya, aliuawa nyumbani kwake Kibada, Kigamboni, Dar es Salaam. Familia ileile, msiba wa pili ndani ya miaka 3. Mwaka huohuo mjane wa Msuya na mwanaume mmoja wakafikishwa mahakamani kwa mauaji hayo.

Hapo mtandaoni ilikuwa sherehe. Mjane, mali, wifi: stori ilijiandika yenyewe, kama tamthilia ya saa tatu usiku. Picha zake zilisambaa, watu wakachambua nguo zake na uso wake, kana kwamba hatia inaonekana kwenye mashavu.

Kesi ya mauaji haina dhamana. Februari 23, 2024, Mahakama Kuu Dar es Salaam ikawaachia huru wote wawili, kwa kuwa upande wa mashtaka haukuthibitisha kesi. Zaidi ya miaka 7 ilikuwa imepita wakiwa mahabusu. Hapa isichanganywe na riwaya ya Poirot: ile ni ya kubuni, na hawa ni watu ambao mahakama imesikiliza kila kilicholetwa dhidi yao na kusema hakikutosha. Wanastahili kuachwa waishi.

Je, waliomhukumu mwaka 2016 walirudi kuandika chochote? Wachache sana. Wengi walishahamia kwenye msiba mwingine. Na siku ile hukumu ilipotoka, karibu miaka 8 baada ya Aneth kuuawa, hakuna aliyekuwa ametiwa hatiani kwa kifo chake. Hilo ndilo lilipaswa kuwa habari kubwa mtandaoni. Lakini jina la Aneth halikuvuma kama la mshtakiwa, kwa sababu marehemu haleti "likes".

Lakini tukinyamaza si zitazimwa?

Hili swali ni la haki kabisa. Watanzania wameshaona mwenye pesa anavyoweza kuchelewesha mambo, na wanajua kelele za umma zimewahi kufanya faili lililolala liamke. Kuwaambia vijana wakae kimya kwenye kifo cha tajiri ni kuwapa matajiri zawadi.

Ila kelele ziko za aina mbili. Kuuliza "upelelezi umefikia wapi?", "kwa nini kesi imeahirishwa tena?", "mashahidi wanalindwa?" ni kelele inayosukuma kazi. Kuandika "ni mke wake, mtanikumbuka" ni kelele nyingine. Hiyo haisukumi kitu. Ikikosea inamvunja mtu asiye na hatia na watoto wake shuleni, na hata ikipatia inaweza kumsaidia wakili wa muuaji. Kwa aliyeiandika kuna pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo kusambaza taarifa za uongo imeliweka kwenye orodha ya makosa.

Kwa hiyo siku nyingine kimenuka kwenye mjengo fulani mlimani, na kitanuka tu kwa sababu penye mali na ndugu hapakosi mambo, mfanye yule mzee anavyofanya kabla ya sebuleni. Jiulize nani amekwambia, na yeye aliona au aliambiwa. Kama unajua kitu cha kweli, kipeleke kwa mpelelezi wa kesi, usikipeleke kwenye stori za saa 24. Kama hujui, uliza kesi imefika wapi, na endelea kuuliza hata mwaka wa tano, wakati kamera zimeshaondoka na familia imebaki na kaburi kwenye migomba.

Wadau, mnaonaje? Ni kifo gani mliwahi kukitolea hukumu mtandaoni, mahakama ikaja kusema tofauti? Tiririkeni hapo chini, ila majina ya watu yaacheni.