Takbiri Isiyotoka kwa Imamu



Kila sifa njema ni ya Allah Subhanahu wa Taala, aliyeuumba mwili wa mwanadamu kwa kipimo, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Mama zangu na dada zangu mnaousoma ukurasa huu kila wiki, leo naandika juu ya jambo ambalo nina deni nalo. Mama mmoja wa mtaani kwetu, aliyenipa ruhusa ya kusimulia bila ya kumtaja jina, alinijia mwaka jana pamoja na mumewe. Alikuwa na kivimbe katika titi la kushoto, kigumu kama kokwa ya tende, wala hakimuumi. Nilimsomea, nikamwandikia kombe, nikamwambia avute subira. Sikumwambia aende hospitali. Miezi sita baadaye alikwenda mwenyewe, akakatwa kinyama kikapimwa, ikathibitika kuwa ni saratani. Nilipokwenda kumjulia hali aliniambia kwa upole: "Sheikh, mimi nilianzia kwako. Ungeniambia nenda, ningekwenda siku ile ile."

Sikuwa na jibu. Kisha akaniuliza jambo la pili. Wifi zake wamemtengea kikombe na sahani, na majirani wananong'ona kuwa ametupiwa jicho. "Basi nifahamishe, Sheikh. Ni nani aliyenifanyia haya?"

Swali hilo nililipeleka kwa daktari, kijana niliyemsomesha chuoni alipokuwa mdogo. Safari hii mimi ndiye niliyekaa chini nikafundishwa. Haya ndiyo niliyoyafahamu.

Mwili wa mtu mzima umejengwa kwa seli takriban trilioni 30. Seli haijigawi kwa hiari yake. Husubiri amri kutoka nje, kwamba kidonda kinahitaji kuzibwa au titi la mja mzito linahitaji kujiandaa kwa maziwa. Amri ikifika, seli hujigawa; haja ikiisha, hutulia.

Amri hiyo hufikaje? Mfano mnao nyinyi wenyewe. Siku ya Idi msikiti ukifurika, wanawake walioko nyuma ya pazia hawamwoni imamu. Husali kwa sauti ya mubalighi, anayeipokea takbiri ya imamu na kuifikisha safu za nyuma. Seli nayo ina mubalighi wake, nao ni protini. Wa kwanza husimama kwenye ukuta wa seli, akiwa na upande mmoja nje na mwingine ndani. Huyu huitwa kipokezi. Akipata ujumbe humpa aliye ndani, naye humpa mwenziwe, hadi habari ifike kwenye kiini, palipohifadhiwa jeni, ambazo ndizo maagizo ya kazi zote za seli.

Sasa fikirini mubalighi akipiga takbiri ilhali imamu hajarukuu. Wanawake nyuma ya pazia watarukuu. Si wakaidi hao, wametii. Kosa liko kwenye sauti iliyowafikia. Na mubalighi huyo akiendelea bila ya kunyamaza, safu zote zitakuwa zikiinama na kuinuka kwa amri ambayo hakuna aliyeitoa. Hivyo ndivyo saratani nyingi zinavyoanza. Jeni inayotengeneza mmoja wa mubalighi hao huharibika, na protini yake ikawa inasema "jigawe, jigawe" mchana na usiku. Jeni iliyoharibika namna hiyo wataalamu huiita onkojeni.

Mmoja wa mubalighi hao ni protini iitwayo Ras. Kazi yake ni kusema, kisha kujinyamazisha. Mwaka 1982 wanasayansi waligundua, katika seli za saratani ya kibofu cha mkojo cha binadamu, kuwa herufi moja tu ya jeni yake ilikuwa imebadilika. Herufi moja, na Ras ikashindwa kunyamaza. Sisi tuliosomeshwa Qur'ani tukikoseshwa na kusahihishwa herufi kwa herufi hatuna haja ya kuelezwa uzito wa jambo hilo.

Mama yetu huyu tatizo lake ni la namna nyingine. Vipimo vyake vilionyesha HER2, ambacho ni kipokezi cha kwenye ukuta wa seli. Kwa kawaida kila seli ina nakala mbili za jeni yake, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Katika saratani yake nakala zimeongezeka mno, na vipokezi vikajaa ukutani hadi vinagusana na kuamshana vyenyewe kwa vyenyewe, ujumbe usipokuwepo. Kati ya asilimia 15 na 20 ya saratani za matiti ni za namna hii, nazo hukua kwa kasi. Kuzidi huku kwa nakala hutokea ukubwani ndani ya titi lenyewe, hakurithiwi. Ziko jeni nyingine ambazo hurithiwa na kuongeza hatari ya saratani ya matiti, kwa hivyo mwenye mama au dada aliyeugua na amweleze daktari.

Na si kila kosa la jeni huwa saratani. Mola ameiwekea seli breki na walinzi: ziko protini za kukarabati jeni zilizoharibika, na nyingine za kuiamuru seli mbovu ife. Saratani huhitaji makosa kadhaa yakutane, amri isiyokoma pamoja na breki iliyokatika. Ndiyo sababu mara nyingi huchukua miaka kujijenga.

Kwa hivyo, mama yangu, jibu la swali lako ni kuwa sababu hii niliyoonyeshwa imo ndani ya seli, wala sioni haki ya kumnyooshea jirani kidole. Mwaka 1976 Michael Bishop na Harold Varmus, walipokuwa wakichunguza kirusi kinachowapa kuku saratani, walionyesha kuwa jeni yake mbaya asili yake ni jeni njema ya kuku mwenyewe. Kwa kazi hiyo walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1989. Na saratani ya matiti haiambukizi. Haipiti kwenye kikombe, sahani, wala kitanda cha mume. Enyi wifi, rudisheni kikombe chake kabatini pamoja na vyenu. Na asiseme mtu kuwa ni adhabu, kwani Nabii Ayyub (A.S.) aliugua naye ni katika waja wema.

Kujua mubalighi gani ameharibika kuna faida kubwa. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake walionyesha kuwa wanawake wenye nakala nyingi za HER2 hali zao huwa mbaya zaidi, na mwaka 1998 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo trastuzumab. Dawa hii hukishika kipokezi hicho na kukizuia kupeleka amri, tena huwaita askari wa mwili waje kupambana. Huweza kudhoofisha moyo, kwa hivyo moyo hupimwa mara kwa mara. Muulizeni daktari kama HER2 imepimwa, kwani asiye na tatizo hilo dawa hii haimfai.

Mtume wetu ametuamrisha tujitibu, na ametufunza kuwa hakuna maradhi yaliyoteremshwa bila ya dawa yake. Ukiona kivimbe titini au kwapani, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, usingoje maumivu, kwani mara nyingi mwanzoni hayapo. Ukipata daktari mwanamke, ndiyo bora. Usipompata, daktari mwanamume anaruhusiwa kutazama kwa kadiri ya haja, na mumeo au mahram wako awe nawe. Haya isikuzuie. Na wewe mume, kumpeleka mkeo ni amana iliyo shingoni mwako.

Mimi nimebadilisha ada yangu. Kisomo sijakiacha, ni rehema kwa waumini. Lakini anayenijia na kivimbe, kabla sijafungua msahafu humuuliza: umepimwa? Ikiwa bado, namsomea na namwambia mumewe kesho alfajiri waondoke kwenda hospitali.

Mama yetu bado yuko kwenye matibabu. Nimemwomba radhi, naye amenisamehe, muombeeni dua. Allah amponye yeye na wagonjwa wetu wote, shifaa isiyoacha maradhi nyuma yake. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.