Sifa Si Msaada

Sifa na msaada ni maneno mawili ambayo siku hizi yamefungwa pamoja kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Mwandishi akiweka kazi yake mbele ya wenzake, nao wakaisifu, husemwa kuwa wamemsaidia. Insha hii inakusudia kuukana udugu huo. Nadai kwamba sifa si msaada, kwamba mara nyingi sifa huufukuza msaada, na kwamba ushirika wa waandishi wasioulizana hesabu ya kazi haustahili kuitwa ushirika.

Magindu ni kata ya Wilaya ya Kibaha, katika Mkoa wa Pwani. Kwa ramani si mbali na Dar es Salaam, lakini kwa mtu mwenye kalamu ni mbali, maana wachapishaji na wahadhiri wa fasihi hawakai huko. Namjua kijana mmoja, mwalimu wa shule, aandikaye riwaya usiku baada ya kusahihisha madaftari ya watoto. Kwa kuwa hakuwa na mwenzi wa kalamu karibu naye, alijiunga na kundi la waandishi wanaokutana katika simu, watu wapatao mia mbili, waliotawanyika kutoka Mombasa hadi Mbeya. Alipeleka sura ya kwanza. Haikupita saa moja, hongera zikamiminika kama mvua ya masika. Alipeleka ya pili, zikapungua. Alipeleka ya tatu, wachache wakapiga makofi. Basi katika sura hiyo ya tatu shangazi wa msichana anateka maji kisimani, na shangazi huyo huyo alikwisha zikwa katika sura ya kwanza, akakaliwa matanga siku tatu! Katika watu mia mbili hakutokea hata mmoja wa kuuliza marehemu amefufukaje. Kijana akanyamaza. Miezi ikapita bila ya mtu kumwuliza sura ya nne iko wapi.

Wahenga wa pwani hii walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Twaitumia methali hiyo kumkemea mgema, wala hatumwulizi msifuji neno. Mimi naona kosa la kwanza ni la msifuji aliyelisifu tembo asilolionja. Kama angelionja kila siku, angeyajua maji siku ile ile yalipotiwa, na mgema angelijua kwamba ulimi wa mteja wake u macho. Sifa ya mtu asiyesoma si heshima kwa mwandishi. Ni njia ya adabu ya kumwambia apite.

Katika vijiji vyetu mama zetu wasioandika riwaya walikwisha lielewa jambo hili katika upatu. Wanawake kumi hukutana siku iliyowekwa, kila mmoja hutoa fungu walilopatana, na jumla hupewa mmoja wao kwa zamu. Asiyeleta fungu lake haambiwi hongera kwa kuwa kanga yake ni mpya. Huulizwa fungu liko wapi. Swali hilo haliuvunji udugu wao. Ndilo liushikalo, maana pasipo swali hilo mwanamke wa kumi angekosa haki yake. Tena aliyekosa kwa ugonjwa hujulikana kuwa mgonjwa kwa sababu ameulizwa, naye huendewa nyumbani kwake. Basi hesabu na huruma vimetoka katika mlango mmoja. Ushirika usiouliza hauwezi kuhurumia, kwani hauna habari.

Najua nitakayojibiwa. Wako wasemao kwamba mwandishi hahitaji ushirika wowote; kwamba kipaji hukua katika upweke, na makundi ni mahali pa wavivu. Hutajiwa Shaaban Robert, karani aliyehamishwa kituo hadi kituo, akaandika usiku baada ya kazi ya serikali. Lakini mfano huo wawasaliti. Mwaka 2002 zilichapishwa barua alizomwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge, kati ya mwaka 1931 na 1958. Mtu adumuye kumwandikia mwenzake kwa miaka 27 si mtu aliyejitosheleza kwa upweke. Tena mashairi yake ya miaka ya 1930 aliyapeleka gazetini, mahali palipokuwa na macho ya watu. Hutajiwa pia Abdilatif Abdalla, aliyetunga Sauti ya Dhiki kifungoni kati ya mwaka 1969 na 1972. Naam, chumba kilikuwa cha mtu mmoja. Lakini aliyefungwa alikuwa mwana wa Mombasa, mji ambao washairi wake, tangu zama za Muyaka bin Haji, wamezoea kujibizana. Aliingia kifungoni na masikio ya wenzake ndani ya kichwa chake. Serikali iliweza kumnyima karatasi. Haikuweza kumnyima wasikilizaji hao.

Wengine watasema kwamba umbali ndio wenye lawama. Kwamba watu wasioonana uso kwa uso hawawezi kuulizana hesabu. Na walitazame gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923 chini ya Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni. Sina haja ya kuwasifu wenye gazeti, lakini washairi waliolitumia walikuwa na jambo la kutufundisha. Mtu alituma shairi, akangoja kwa majuma, akajibiwa na mwenzake wa mji mwingine ambaye pengine hakupata kumwona maishani. Kujibu kulikuwa na sharti: ilimpasa mjibuji awe amelisoma shairi la kwanza, ashike hoja yake, na mara nyingi afuate vina vile vile. Aliyepunguza mizani katika mshororo alijua kwamba yuko mtu mbali atakayeihesabu kwa vidole, ashindwe kufika kumi na sita, na kutangaza. Na mlango haukuwa wa watu wa pwani peke yao. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, alikuwa miongoni mwa washairi wakubwa wa nchi hii, na chama cha washairi kimebaki katika jina la kitabu chake, Ngonjera za Ukuta. Umbali wao ulikuwa mkubwa kuliko wetu, na posta yao ilikuwa nzito kuliko simu. Kilichopungua kwetu ni sharti la kusoma kabla ya kusema.

Hoja ya mwisho ina uzito, nami siipuuzi. Hesabu yaweza kugeuka pingu. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani, walitokea wengi wakasema kwamba hayo si mashairi kabisa. Kama ushirika ungekuwa na amri juu ya kalamu yake, tungelikosa kitabu kile, na Karibu Ndani cha 1988, na Dhifa cha 2008. Lakini tuangalie vema. Waliompinga walikuwa wamemsoma, naye alijua ni nini hasa anachokataa. Ubishi ule uliwalazimisha pande zote kueleza ushairi ni nini, na fasihi yetu ikatajirika. Kezilahabi hakutii, na hakuna aliyeweza kumlazimisha atii. Kuulizwa si kuamriwa. Mwandishi aulizwaye ana hiari ya kujibu, “Nimekusudia hivyo.” Asiyeulizwa hata hiari hiyo hana, kwa kuwa hajui kama alikusudia ama aliteleza.

Basi shauri langu kwa wanafunzi na walimu wao ni dogo. Mia mbili na wapunguzwe wawe watano. Watano hao na waweke siku, kila mmoja alete kurasa alizoahidi, nyingi au chache. Asiyeleta aulizwe kwa nini, na sababu yake isikilizwe. Aliyeleta asomewe mpaka mwisho, aonyeshwe mahali pamoja palipomshika msomaji na mahali pamoja palipomwangusha. Mmoja wa watano hao na awe mtu wa mbali, wa Magindu na mfano wa Magindu, asiye na maktaba ya chuo mlangoni pake.

Ningekuwa mnafiki kama ningeishia hapo. Mimi nami nilikuwamo katika wale mia mbili. Niliandika hongera kwa sura ya kwanza niliyoisoma nusu, na kwa sura ya tatu nisiyoifungua. Habari ya shangazi niliipata baadaye, nilipoketi kuzisoma zote tatu kwa aibu. Juma lililopita nilimwandikia kijana yule, nikamwuliza marehemu alitokaje kaburini, na sura ya nne ataileta lini. Alikaa kimya siku mbili. Kisha akajibu kwamba ndilo swali la kwanza aliloulizwa tangu aanze kuandika, akataja siku. Siku hiyo ni Ijumaa ijayo, nami nimekwisha mwahidi kurasa zangu.