Daftari la Duka Lako Limelala kwa Nani?

Juma hili nazungumza na wewe mwenye duka la vifaa vya ujenzi, tuseme hapa Nakuru mjini, lenye tawi Njoro na jingine Molo. Kijana amekujia na kompyuta kwapani. Anakushauri utupe madaftari, utupe hata ile mashine iliyo nyuma ya kaunta. Bidhaa, madeni na mishahara vyote vitawekwa katika mitambo ya kampuni yake, nawe utavisoma kwa intaneti na kulipa kodi kila mwezi.

Usimfukuze. Kompyuta ya dukani huibwa, huunguzwa na stima inayopotea na kurudi kwa kishindo, na vumbi (lile linalosemekana kuupa mji huu jina) haliionei huruma. Mtambo wa kukodi una mafundi wake, na Molo wakiuza kilo ya misumari, waiona papo hapo ukiwa Nakuru. Wala si jambo geni. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, mitambo yake ilikuwa Ulaya, na haikuhamishiwa Kenya hadi 2015. Miaka hiyo, muuza viazi wa Wakulima alipotumiwa shilingi 200 kutoka Bahati, hesabu ilizunguka Ulaya kwanza!

Lakini uliza bei imeandikwa kwa sarafu gani. Kodi ya dola 40 ilikuwa kama shilingi 5,000 Januari 2023. Mwaka mmoja baadaye, dola ilipofika shilingi 160, kodi ile ile ikawa 6,400, na hakuna mteja aliyekuongezea hata senti kwa mfuko wa saruji kwa sababu hiyo. Tena ukiacha kulipa, hubaki na chochote mkononi.

Kisha kuna waya. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora Afrika Mashariki nzima. Basi uliza: mtandao ukipotea, je, programu hii itaendelea kuandika risiti, au wateja watasimama foleni wakiniangalia?

Utaambiwa mitambo inakuja karibu. Ni kweli kwamba Mei 2024 kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa kujenga kituo kikubwa cha data huko Olkaria, kikiendeshwa kwa mvuke wa ardhini. Hata hivyo, kinachokufunga si umbali. Ni mkataba.

Hapa ndipo wengi hunaswa. Kuingia ni rahisi, kutoka ndiko kazi. Baada ya miaka mitatu, majina ya wadeni wako wote yamo humo, makarani hawajui njia nyingine, na bei ikipandishwa huna pa kukimbilia. Nayo orodha ya wateja ikivuja, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikuachilii eti kwa kuwa uliiweka kwa mwingine.

Kwa hivyo, kabla hujatia sahihi, mwombe kijana aitoe orodha nzima ya madeni katika faili ambayo kompyuta nyingine yoyote yaweza kuifungua. Aitoe hapo hapo, mbele yako, na mkataba useme utaipata hivyo kila mwisho wa mwezi bila malipo. Akisema ni lazima kwanza apigie ofisi kuu simu, mpe chai, lakini kalamu usiishike.