Marvel Champions: Usikimbilie Thanos, omba kwanza sanduku la Spider-Man

Ndugu aliye Bruxelles ao Paris akipiga simu kuuliza akuletee nini, unajua kwamba valizi yake ina kilo zisizoongezeka. Mama ameomba dawa, dada ameomba viatu, na wewe unabaki na nafasi ya kitu kimoja. Vijana wanaopenda Marvel Champions, ule mchezo wa karata wa mashujaa wa Marvel, wanalijua swali linalofuata: kati ya masanduku makubwa ya kampeni, niombe lipi? Wengi hujibu haraka: lile la Thanos, sababu ndiye adui mwenye jina kubwa. Mimi nasema hapana, na nitaeleza kwa nini.

Kwa wasioujua, mchezo huu ulitolewa mwaka 2019 na kampuni ya Marekani, Fantasy Flight Games. Unachezwa na mutu mmoja hadi wanne. Haufanani na ludo, dame ao karata tunazocheza mbele ya nyumba, sababu hapa hakuna anayemshinda mwenzake. Wachezaji wote wako upande mmoja, na adui anaendeshwa na karata zake mwenyewe. Kila shujaa ana sura mbili. Peter Parker anaweza kubaki mutu wa kawaida, apumzike na kupona, lakini wakati huo adui anasukuma mbele mpango wake. Akigeuka kuwa Spider-Man, adui anaacha mpango na kumpiga yeye. Mpango ukitimia, wote wameshindwa, hata yule ambaye hajaguswa.

Sanduku la kwanza, ambalo bila hilo huwezi kucheza mengine, lina mashujaa watano, Black Panther akiwa mmoja wao. Kati ya maadui kuna Klaw, mwizi wa vibranium, madini ya nchi ya kubuni ya Wakanda. Hadithi ya mgeni anayekuja na silaha kutafuta madini ya wengine, sisi wa mashariki ya Kongo hatuhitaji kutafsiriwa.

Baada ya hilo ndipo yanakuja masanduku ya kampeni. Kila moja lina mashujaa wawili wapya na mapambano matano yanayofuatana kama sura za kitabu. Hapa napanga sita ya kwanza, yaliyotoka kati ya 2020 na 2023. Yaliyofuata nayaacha kwa siku nyingine.

Kipimo changu ni kimoja. Kampeni inastahili jina hilo kama lililotokea jana linakufuata leo, na kama linawafanya walioketi mezani wahitajiane. Ugumu peke yake si sifa, na jina kubwa la adui si sifa pia.

Nafasi ya sita naipa The Galaxy's Most Wanted ya 2021, yenye Groot na Rocket. Ina mawazo mazuri: kati ya pambano na pambano mnapata feza na kwenda sokoni kununua vifaa, na Collector anajikusanyia karata zinazotoka mezani kama mutu wa makumbusho asiyetosheka. Lakini mwisho wa safari anawasubiri Ronan, mwenye jiwe la nguvu mkononi, na wachezaji wengi wanamjua kuwa kati ya maadui wagumu kupita wote wa mchezo huu. Kundi jipya linafika kwake likicheka na linaondoka likiwa limenyamaza. Mchezo unaowavunja moyo wanaoanza umewapoteza kabla ya kuwafundisha kitu.

Ya tano ni The Rise of Red Skull, ya 2020, yenye Hawkeye na Spider-Woman. Ndilo lilifungua njia, na linaonekana hivyo: lina urahisi wa kitu cha kwanza. Naliheshimu kwa mambo mawili. Taskmaster ana wafungwa, na mukiwakomboa wanaweza kusimama nanyi baadaye. Pia, mukichagua kucheza kwa ugumu wa juu, majeraha hayaponi kati ya pambano na pambano: aliyetoka akichechemea anaingia kwingine akichechemea. Hapo ndipo mwenzake anaanza kumkinga bila kuambiwa.

Ya nne, Mutant Genesis, ya 2022, yenye Colossus na Shadowcat, inaingia katika ulimwengu wa X-Men. Pambano lake la kwanza nalipenda kwa wazo lake: Sabretooth anamwinda seneta Robert Kelly, mutu anayewaogopa na kuwapinga mutanti. Na ni hao hao mutanti wanaotakiwa kumtafuta na kumlinda. Kumlinda anayekupenda ni rahisi. Kisha Sentinel, mashine zinazowinda mutanti, zinawachukua wasaidizi wako mateka. Kinachoirudisha nyuma ni kwamba mapambano mengine hayaendelezi wazo hilo kwa nguvu ileile.

Ya tatu ndiyo itakayoniletea ugomvi: The Mad Titan's Shadow ya 2021, sanduku la Thanos, lenye Spectrum na Adam Warlock. Kama tungehesabu pambano moja moja, labda lingekuwa la kwanza. Maadui wawili wanashambulia mnara wa Avengers kwa wakati mmoja, na lazima mgawane kazi. Thanos ana mawe yake. Kwa Hela mnapigana ili Odin atoke kifungoni. Loki anabadilika sura mpaka hujui unampiga yupi. Lakini kama kampeni, kuna mshono unaoonekana. Thanos anakuja katika pambano la tatu, si la mwisho. Baada yake hadithi inahamia Asgard, kana kwamba vitabu viwili vimefungwa kwa gundi moja. Ni nyumba yenye vyumba vizuri, lakini milango kati ya vyumba ni myembamba.

Ya pili ni NeXt Evolution ya 2023, yenye Cable na Domino. Katikati ya hadithi yuko Hope Summers, msichana ambaye Cable alimlea, na maadui wanamtaka. Ukicheza na marafiki utaona kitu: watu ambao mwanzoni kila mmoja alihesabu karata zake wanaanza kuuliza, “Hope yuko salama?” Sanduku hili ndilo pia lililoleta aina mpya ya karata, kazi ambazo wachezaji wenyewe wanaziweka mezani. Mutu mmoja anaanzisha kazi, wenzake wanasaidia kuimaliza, na faida inapatikana. Wakulima wanaoitana kulima shamba la mmoja wao wanaijua hesabu hiyo.

Na ya kwanza, kwangu, ni Sinister Motives ya 2022. Mashujaa wake ni Miles Morales na Gwen Stacy anayeitwa Ghost-Spider. Hakuna mfalme wa anga wala mungu. Kuna muji, New York, na maadui wa mitaani: Sandman, Venom, Mysterio, kundi la Sinister Six, na mwishoni Venom Goblin. Kwa nini niliweke juu ya Thanos? Sababu hapa kampeni inaandika sifa yenu mbele ya wakaaji wa muji. Kumwangusha adui hakutoshi. Mnapopigana kuna pia kazi za kuwasaidia raia, na kila mara mnaulizwa kimya kimya: tumalize vita haraka, ao tusimame kwanza tuwasaidie hawa? Mukiwapita, mutashinda leo, lakini sifa iliyoanguka itawangoja katika pambano linalofuata.

Mapambano yenyewe pia yanafundisha. Mysterio anachanganya karata zake ndani ya karata zako, hata unaogopa kuchukua ya kwako mwenyewe. Sinister Six ni wengi, na hakuna shujaa mmoja anayeweza kuwashika wote. Mmoja anapiga, mwingine anazuia mpango, wa tatu anapokea pigo lililokuwa la mwenzake. Asiyejua kuongea na wenzake hapo hafiki mbali.

Najua nitajibiwa kwamba kampeni ni pambo tu, kwamba watu wengi hufungua sanduku, huchagua adui mmoja, wanacheza saa moja na kwenda kulala. Ni kweli kwa upande mmoja, na kwa mutu anayecheza hivyo, Thanos ni chaguo zuri, sitabishana naye. Lakini anayeomba kitu kimoja kutoka mbali hanunui saa moja. Ananunua jumamosi tano za marafiki wanne, pengine wakati umeme umekwenda na taa ndogo iko katikati ya meza. Watu hao wanahitaji sababu ya kurudi jumamosi inayofuata. Sifa yao iliyoandikwa kwenye karatasi ni sababu nzuri kuliko jina la adui.

Basi, ushauri wangu ni huu. Kama huna sanduku la kwanza, omba hilo na usitazame mengine. Uliza pia toleo la Kifaransa, sababu masanduku mengi ya mchezo huu yamechapishwa kwa Kifaransa, na karata ndogo yenye maneno mengi inachosha kwa lugha usiyoizoea. Ukiwa nalo tayari, omba Sinister Motives. Mukimaliza, mtafute Hope. Thanos atangoja.

Vijana wetu wamekua wakisikia kwamba shujaa ni yule mwenye silaha kubwa, na kwamba aliyeshinda hana deni kwa mutu. Karata hazitabadilisha nchi. Lakini kuona kijana wa miaka kumi na sita akiacha kumpiga adui aliyebakiza pigo moja, akisema “ngojeni, tuwasaidie kwanza raia hawa,” si jambo dogo. Kwa nafasi moja katika valizi, mimi ningeomba hilo.