Mtu ni Watu, Lakini Watu Gani?

Wenye elimu wanaisifu falsafa ya jumuiya. Maana yake si ngumu: hakuna mtu aliyejilea mwenyewe. Lugha, adabu na shamba amevipokea kwa wengine, basi ana wajibu kwao. Wazee walisema, mtu ni watu. Nasi twakubali. Yule asemaye, "Mali yangu ni yangu, jirani hanihusu," amemsahau aliyembeba mgongoni.

Lakini twauliza: watu gani? Hapa Kisangani wako wanaotamka neno "jamii" na kumaanisha kabila lao tu. Matunda yake tumeyaona. Mwezi wa Februari 2023 vita ya Wambole na Walengola ililipuka Lubunga, ng'ambo ya mto, kwa ugomvi wa mashamba. Nyumba zilichomwa, wengi waliuawa, maelfu walivuka mto wakikimbia. Aliyeshika panga alidhani anaitetea jamii yake. Kumbe alikuwa akiibomoa, maana jirani wa mlangoni naye ni jamii.

Wengine husema: basi serikali iwaunganishe watu kwa amri. Hapana! Wakati wa Mobutu salongo ilikuwa kazi ya lazima. Watu walishika jembe kwa kuogopa adhabu, si kwa kupendana. Kule Tanzania, Mwalimu Nyerere alitangaza ujamaa mwaka 1967, akafundisha kwamba uwe wa hiari. Mwaka 1973 kukaa vijijini kukawa amri, na mamilioni wakahamishwa, wengine kwa nguvu. Nia ilikuwa njema, lakini undugu hauletwi na askari.

Jumuiya ya kweli ina alama tatu. Kwanza, mdogo anaweza kuwakatalia wakubwa jambo baya, wala hafukuzwi. Pili, mgeni mwenye amani anapewa mahali. Tatu, mzigo unagawanywa, na mkubwa hakwepi zamu yake. Pasipo alama hizi, hiyo si jumuiya, ni kundi tu.

Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walichagua njia ya jumuiya ndogo za Wakristu. Hizo hukusanya watu wa mtaa mmoja, wa kabila lolote. Hapo ndipo shule yetu. Basi, tukiitwa kwenye mkutano wa "jamii", tuulize kwanza: jirani yetu wa kabila jingine amealikwa? Kama mlango umefungwa kwake, nasi tusiingie.